Kidonda Hakitaki Kukaushwa

Leo tuache kidogo habari za mbegu na mbolea, tuzungumze juu ya mikono inayoshika jembe. Maana palizi haimsubiri mtu mwenye kidonda.

Wengi wetu tukijikata panga hukimbilia majivu au mavi ya ng'ombe, ati kidonda kikauke upesi. Ndugu zangu, hapo tunajitafutia balaa. Vijidudu vya pepopunda makao yake ni udongo na samadi. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, ukifunike kwa kitambaa safi.

Tena kidonda hakitaki kukaushwa. Mwaka 1962 mtaalamu wa Uingereza, George Winter, alichunguza majeraha madogo ya nguruwe. Yale aliyoyafunika kwa plastiki yakabaki na unyevu yaliota ngozi kwa kasi ya karibu mara mbili kuliko yale yaliyoachwa wazi yakafanya gaga. Ngozi mpya ni kama mche: penye unyevu hutambaa, penye ukavu huhangaika kutafuta njia.

Ndiyo sababu viwanda hutengeneza ute mzito wa kufunika vidonda, uitwao haidrojeli. Mwingine hutokana na mwani wa baharini. Sehemu yake kubwa ni maji tu, yaliyoshikwa yasimwagike.

Sasa tazama mshubiri ule wa bustanini, wenye majani manene na maua ya manjano. Ute wa ndani ya jani lake nao ni maji kwa zaidi ya asilimia 98. Unafaa kwa moto mdogo, ule uliofanya ngozi iwe nyekundu bila kuchubuka.

Je, mama, uji umekurukia mkononi? Kwanza maji! Mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Kisha kata jani la mshubiri, ulioshe, ulisimamishe mpaka utomvu wa manjano uchuruzike wote. Huo usiupake, unawasha. Menya ganda, upake ute mweupe wa ndani. Tumia uliokatwa sasa hivi, si wa jana. Ukiona unawasha, osha uache. Na mishubiri ya porini ni ya aina nyingi, mingine ina sumu, usiyoijua usiiguse.

Lakini tuelewane: mshubiri si daktari. Mtoto mdogo akiungua, au moto ukipita ukubwa wa kiganja cha aliyeungua, au ukishika uso, nenda zahanati. Vivyo hivyo kwa jeraha lenye kina, la msumari, la kuumwa na mnyama, au lenye usaha. Huko uulize na chanjo ya pepopunda, maana ute wa jani lolote hauzuii ugonjwa huo.

Basi panda shina moja karibu na jiko, lakini njia ya kwenda zahanati usiisahau. Kwaherini, tukutane tena wiki ijayo.