Nahodha wa Mto: Kumkumbuka Uledi

Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Siku ya Yubile ya Miaka 25



Nimepewa dakika chache za kusema neno la kumbukumbu kabla ya majina ya waanzilishi wetu kusomwa. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, naomba mnivumilie nikipitia historia kwanza.

Baadhi yenu mmefika kwenye maporomoko ya Chanler katika mto wetu wa Ewaso Nyiro, ukishapita Archer's Post kuelekea mashariki. Jina hilo ni la William Astor Chanler, msafiri Mmarekani aliyeufuata mto huu miaka ya 1890 hadi kwenye kinamasi cha Lorian. Hakuja peke yake. Mizigo yake ililetwa na wapagazi kutoka pwani. Maporomoko yakapewa jina la mwenye safari. Waliobeba mizigo hawakupewa hata jiwe.

Leo nataka tumkumbuke mtu mmoja wa aina ya hao wapagazi, ambaye jina lake lilibahatika kuandikwa. Aliitwa Uledi. Alikuwa katika msafara wa Henry Morton Stanley uliokusanywa Unguja na kuondoka Bagamoyo Novemba 1874. Msafara huo ulikuwa na mashua yenye urefu wa futi 40, iliyoitwa Lady Alice. Ilitengenezwa vipande vipande ili watu waibebe mabegani, kisha waiunganishe wakifika penye maji. Walipoanza kuteremka Mto Kongo mwishoni mwa mwaka 1876, aliyekuwa nahodha wa mashua hiyo ni Uledi. Mto huo hakuujua, na hakuwa na ramani. Ilimbidi ayasome maji yenyewe: wapi yanageuka, wapi yanachemka juu ya mwamba, wapi yananyamaza kabla ya kuanguka.

Tusifiche kwamba safari ile ilikuwa pia ya bunduki. Uledi na wenzake walipigana mara nyingi na watu wa mtoni, watu waliokuwa nyumbani kwao. Na njia waliyoipita ndiyo iliyomfungulia mlango Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na watu wa Kongo wakaumia sana chini yake. Isiolo ni mji wa kambi za jeshi, na kati yetu leo wameketi baba zetu wastaafu. Wao wanaelewa kuliko mimi kwamba ukimkumbuka mtu aliyeshika silaha, unamkumbuka kwa ukweli wote, au bado hujamkumbuka.

Sasa niwape mambo matatu tu ya maisha yake.

La kwanza ni la Januari 1877, kwenye maporomoko ya Boyoma. Mtumbwi ulichukuliwa na mkondo, ukapasuka, na mtu mmoja aitwaye Zaidi akabaki ameng'ang'ania mwamba ukingoni kabisa mwa poromoko. Wenzake walifunga mtumbwi mwingine kwa kamba za msituni na kamba za mahema ili wamfikie. Lakini nani ataingia ndani yake? Watu walinyamaza. Uledi akasema ataenda yeye, na kwamba mambo yote yako mikononi mwa Mungu. Kijana mmoja, Marzouk, akamfuata. Walijaribu mara kadhaa hadi Zaidi akashika kamba. Ndipo kamba za mtumbwi zikakatika! Wote watatu wakanusurika kwenye kisiwa kidogo cha mawe katikati ya mto, wakalala hapo usiku kucha maji yakinguruma pande zote. Asubuhi wenzao wakarusha kamba nyingine na kuwavuta mmoja mmoja. Kwa hesabu ya Stanley, Uledi aliokoa watu 13 wasife maji katika safari ile.

La pili ni la miezi michache baadaye, kwenye maporomoko ya chini ya mto. Msafara ulikuwa na njaa. Shanga ndizo zilizokuwa fedha ya kununulia chakula, na shanga zikawa zinaibwa. Zilipotafutwa, zilipatikana katika vitu vya Uledi. Stanley aliita baraza la wanaume wake, na hukumu ikawa Uledi achapwe viboko. Hakuna aliyesema hakuiba. Lakini Shumari, ndugu yake, na Saywa, binamu yake, walisimama wakaomba wachapwe wao badala yake. Baraza zima likalegea, na Uledi akaachiliwa pamoja na hao wawili waliojitoa.

La tatu ni la Agosti 1877. Watu kama 115 walikuwa wamebaki, wamedhoofika, hawawezi kuendelea. Stanley aliandika barua ya kuomba chakula kwa Wazungu wafanyabiashara walioko Boma, karibu na bahari. Nani ataipeleka? Uledi alijitolea. Alikwenda na wenzake watatu, mmoja wao akiwa Robert Feruzi, kijana aliyesomeshwa na misheni Unguja. Siku chache baadaye chakula kikafika, na msafara ukaingia Boma tarehe 9 Agosti.

Ndugu zangu, hebu jiulizeni: kama Uledi angefutwa kwenye orodha siku ya shanga, barua ile ingepelekwa na nani?

Nasema haya kwa sababu daftari la kwaya liko mikononi mwangu. Siku ya kwanza waliimba watu 31. Wengine wamelala katika Bwana. Wengine wamehamia Nanyuki, Meru, Nairobi. Mmoja anaimba katika kanisa jingine. Na wapo waliotuudhi, wakawekwa kando, kwa mambo ambayo wenye umri hapa wanayajua na watoto hawana haja ya kuyajua. Kamati ilijadili kwa mikutano miwili kama majina yao yasomwe leo.

Waliopinga nawaheshimu, kwa kuwa kosa ni kosa. Shanga zile zilikuwa chakula cha watu wenye njaa. Lakini daftari lina mambo mengine pia. Miaka ya wasiwasi katika mji huu, kuna mtu alikuwa akiwasindikiza dada zetu wa sauti ya kwanza hadi Bulla Pesa kila jioni baada ya mazoezi, ndipo arudi kwake peke yake gizani. Nikifuta jina lake kwa sababu ya yaliyofuata, nimefuta na zile jioni zote.

Kwa hiyo leo yatasomwa majina yote 31, kwa mpangilio wa alfabeti, bila alama pembeni. Wale mlioitwa mkaja, hata mlioketi nyuma karibu na mlango, mkisikia jina lenu simameni. Nanyi wanakwaya, jina likisomwa na mwenyewe hayupo, au yupo na magoti yanasita, aliye karibu naye kwa undugu au kwa sauti asimame naye. Shumari na Saywa hawakungoja kuombwa.

Miaka kumi baada ya Boma, mwaka 1887, Stanley alipita tena Kongo akiwa na mashua nyingine, Advance. Aliyeshika usukani wake ni Uledi yuleyule.

 Sasa namkaribisha mwenyekiti asome majina. Mungu awabariki.