Ilimu ya Majira: Watunza Bustani wa Nchi za Baridi na Wakulima wa Kibombo

Mada iliyosomwa mbele ya semina ya wakulima na walimu, Kibombo, Maniema



Walionialika kunena juu ya namna wakulima wanavyopeana maarifa walitarajia, bila shaka, kwamba nitaanza na likelemba zetu za kupokezana kazi na masoko yetu. Nami nitafika huko, inshallah, ila nawaomba radhi nipite kwanza katika nchi isiyofanana na Maniema hata kidogo, nayo ni Kanada, kwa kuwa huko jambo ninalotaka kulidhihirisha linaonekana waziwazi kuliko hapa petu, ambapo ardhi ni karimu na kosa la mkulima husamehewa upesi. Jambo lenyewe ni hili: kalenda ya kilimo iliyotungwa mbali, hata ikiwa imetungwa na wataalamu wakubwa, haimfai mwenye jembe mpaka irekebishwe na majirani walioitazama ardhi ileile, mvua ileile na upepo uleule kwa miaka mingi, na walio tayari kuambiana waliyoyaona.

Katika mji wa Winnipeg, jimbo la Manitoba, usiku wa Januari baridi hushuka kwa kawaida hadi nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri na zaidi, na jalidi, ambayo huua majani mabichi kwa usiku mmoja, haitokomei mpaka mwishoni mwa Mei, kisha hurejea ndani ya Septemba. Hivyo mwenye bustani hupewa takriban miezi minne ya kupanda, kupalilia na kuvuna, na muda mwingine wote ni wa kungoja. Wengi hawathubutu kuuweka nje mche wa nyanya kabla ya sikukuu ya Malkia Victoria, ambayo huangukia Jumatatu iliyotangulia tarehe 25 Mei. Baadhi ya Wazungu wa kwanza waliohamia uwanda wa huko walikuja na vitabu vya bustani vya Uingereza, kisiwa ambacho bahari hukipunguzia baridi, wakavifuata kwa uaminifu, na miti waliyoipanda kwa mujibu wa vitabu hivyo ikafa katika majira ya kwanza ya theluji.

Serikali ya Kanada haikukaa kimya. Mwaka 1967 ilitoa ramani iliyoigawa nchi nzima katika kanda kwa kadiri mimea inavyostahimili baridi, na ramani hiyo, tofauti na ile ya Marekani iliyojengwa juu ya baridi kali ya mwaka peke yake, ilihesabu pia urefu wa kipindi kisicho na jalidi, mvua ya kiangazi, nguvu ya upepo, hata kina cha theluji, kwani theluji nene huikinga mizizi na baridi iliyo juu yake. Ni kazi ya kusifiwa. Walakini ramani haijui kwamba hewa ya baridi huteremka usiku ikatuama bondeni, wala kwamba ukuta ulioelekea kusini huhifadhi joto la mchana, wala kwamba kijiji fulani hupata jalidi wiki nzima kabla ya kijiji kilicho ng'ambo ya mto. Hayo huyajua jirani. Ndiyo sababu watunza bustani wa nchi ile, ambao nyumba zao zimetengana kwa mwendo mrefu na ambao majira ya baridi huwafungia ndani, wamekuwa tangu zamani watu wa kuandikiana: zamani kwa barua na majarida, siku hizi kwa simu na kompyuta, na wanachoulizana si kikubwa, ni tarehe gani ulipanda, mbegu uliipata kwa nani, ilikufa au iliishi.

Msidhani kwamba hayo ni mazungumzo ya watu wasio na shughuli. Mnamo 1842 mkulima mmoja wa Ontario, David Fife, alipelekewa ngano kidogo na rafiki aliyekuwa Glasgow, akaipanda wakati wa majira ya kuchipua, na kwa kuwa nyingi katika hiyo haikuwa ya majira hayo, masuke machache tu ndiyo yaliyokomaa. Basi kutokana na masuke yale, yaliyotunzwa na kupitishwa mkono kwa mkono, ikatoka ngano iliyoitwa Red Fife, iliyoenea mpaka uwanda wa magharibi. Baadaye, katika shamba la majaribio la serikali lililoanzishwa Ottawa mwaka 1886, Charles Saunders aliichagua ngano ya Marquis, iliyozaliwa kwa kuchanganya Red Fife na ngano nyekundu ya Calcutta, nayo ikatangulia kuiva kwa siku kadhaa: siku ambazo, katika nchi ya jalidi, ni tofauti kati ya ghala lililojaa na ghala tupu. Nawaomba mzingatie mambo mawili hapo. Mtaalamu alifanya kazi yake juu ya mbegu ambayo majirani walikwisha kuitunza. Na wepesi wa kuiva, sifa ambayo nchi ya baridi iliihitaji kupita zote, uliletwa na mbegu ya Bara Hindi, nchi ya joto.

Katika zama zetu, mwaka 1984, ulianzishwa mpango wa kuhifadhi mbegu za zamani ambao leo unaitwa Seeds of Diversity, ambamo wanachama hutangaziana mbegu walizo nazo na kupelekeana. Na mwaka 1990, huko Vancouver, kulifanyika kwa mara ya kwanza Jumamosi ya mbegu, soko la siku moja la kubadilishana, desturi ambayo sasa imeenea katika miji mingi ya Kanada. Nilipolisoma jambo hili nilicheka kidogo, maana mama zetu wa Nyangwe walikuwa wakikutana sokoni, kwa siku zilizojulikana, kabla Livingstone hajafika pale mwaka 1871. Na soko lile, lililomwagiwa damu mbele ya macho yake mwezi Julai mwaka huohuo, halikuwa mahali pa samaki na chumvi tu, bali pa habari pia.

Sasa wako ndugu zetu huko. Wakongo, Warundi na Wasomali waliopelekwa na vita wanalima viwanja vya pamoja katika miji ya baridi: Winnipeg iko bustani ya wahamiaji katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Manitoba, na upande wa pili wa mpaka, Burlington katika jimbo la Vermont, chama cha Waafrika wa huko kimewapatia wageni mashamba madogo. Muhogo hawawezi kuulima, kwa kuwa huhitaji miezi tisa hata mwaka na zaidi, na kwa hiyo sombe, yaani majani yake, hununuliwa dukani ikiwa imegandishwa. Lakini lengalenga huwakubali vizuri, kwani majani yake huchumwa kabla ya miezi miwili kutimia. Shida huja kwenye mbegu: aina nyingi za lengalenga ya kwetu hungoja mchana ufupike ndipo itoe maua, na kiangazi cha Winnipeg kina mchana wa saa 16, hivyo mmea hunenepa majani bila kufikiri uzazi, na maua yanapotoka jalidi iko mlangoni. Mwenye bahati ya kupata mche mmoja uliotangulia kuchanua huitunza mbegu yake na kumgawia mwenzake, na mwaka wa pili wanakuwa wawili wenye lengalenga iliyoanza kuizoea nchi. Chuo hakihitajiki hapo. Yahitajika jicho na ukarimu.

Turudi Kibombo. Sisi hatuna jalidi, lakini tuna kalenda za watu wengine. Taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933 iliweka makao yake Yangambi, kaskazini kidogo ya ikweta, ambako miezi yenye mvua haba ni Desemba hadi Februari. Kwetu, karibu nyuzi nne kusini ya ikweta, kipwa chenyewe ni Juni mpaka Agosti. Mtu akitafsiri ushauri wa kule neno kwa neno, bila kuugeuza, atakuwa amewapandisha watu mpunga kwa jua la jirani. Na mpunga wenyewe ulikuja na Waungwana wa pwani katika karne ya 19. Haukuletwa na kitabu chochote, ila uliwafundisha wenyeji wa kando ya Lualaba, nao wakaufundisha ardhi, mpaka ukawa chakula na biashara ya Maniema hata reli ya Kindu na Kongolo ikapata mzigo wa kubeba.

Juu ya akina mama wanaopokezana kazi katika likelemba, leo shamba la huyu, kesho la yule, sina la kuwafundisha. Wao huiona ardhi ya kila mwenzao, na hujua ni upande gani wa kijito mpunga hulala na upande gani husimama. Kinachokosekana ni kuandikwa, kwa sababu aliyejua akifariki, alilolijua hupotea naye.

Niseme pia la hatari, maana kupeana si heri tupu. Atoaye kijiti cha muhogo kwa rafiki huenda anampa na ugonjwa wa batobato, unaokunjamanisha majani na kupunguza mizizi, ugonjwa unaosafiri kwa inzi weupe lakini husafiri mbali zaidi kwa mikono yetu wenyewe. Hivyo daftari la wakulima, nitakalolipendekeza punde, lisiandike tu mbegu ilitoka kwa nani, liandike na hali ya shamba ilikotoka, hata kama mwenye shamba ataona haya.

Pendekezo langu ni daftari moja kwa kila kijiji, lenye mambo haya: siku mvua ya kwanza ilipoilowesha ardhi kwa kina cha kiganja, kilichopandwa, mbegu ilikotoka na hali ya shamba hilo, na kilichotokea. Wengine wamependekeza likae ofisini kwa sekta. Mimi nakataa, bila kumtukana mtu yeyote aliyeko ofisini leo: tangu amri ya 1917 iliyowalazimisha wazee wetu kulima pamba kwa ajili ya wengine, shamba lililoandikwa na serikali limekuwa shamba la kutozwa faini, na watu wetu wakiona kalamu ya ofisi huficha nusu ya habari. Likae kwa mama ambaye likelemba itamchagua. Na ikiwa hajui kuandika, mjukuu wake wa darasa la tano ataandika kama anavyoambiwa, pasipo kuyasahihisha majina ya mbegu.