Tupandishe Bendera Ipi?

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ndogo ya ukumbi, sherehe ya Uhuru, Thornhill



Tumepewa dakika kumi na tano kueleza kwa nini mwaka huu ukutani kuna bendera nne badala ya moja. Kamati ndogo ya ukumbi ni sisi akina mama watano, watatu kati yetu wauguzi, kwa hiyo tumezoea kufanya kazi usiku na kulaumiwa asubuhi. Tulaumuni, lakini tusikilizeni kwanza.

Ugomvi wenyewe mnaujua. Kila Desemba mmoja wetu husema: tarehe 9 ni siku ya Tanganyika, itundikwe bendera ya Tanganyika. Mwingine humjibu kwamba Tanganyika haipo tena, nchi ni moja na bendera ni moja. Wa tatu, mara nyingi ametoka Unguja au Pemba, hunyamaza, hula pilau yake, na mwaka unaofuata haji. Huyo wa tatu ndiye aliyetufanya tukubali kusimama mbele yenu leo.

Tuanze na neno lenyewe. "Bendera" tulilipata kwa Wareno, kama tulivyopata meza na leso. Walikuja na merikebu na mizinga, wakaondoka, neno likabaki. Na methali yetu inayojulikana zaidi kuhusu bendera ni ya kumsema mtu asiye na msimamo, kwamba hufuata upepo. Babu zetu waliona bendera nyingi zikipita, hatuwezi kuwalaumu kwa kutoziamini. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilibeba bendera nyekundu ya Sultani. Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni Kilimanjaro mwaka 1889, alisimika ya kwao na kukipa kilele jina la mfalme wao. Kisha akaja Mwingereza na bendera nyekundu yenye ile ya kwao pembeni, na kichwa cha twiga katika duara jeupe. Twiga tunampenda, lakini pale hakuwa wetu.

Watoto, kesho mkienda shule tazameni mlingoti wa jimbo la Ontario. Mtaona bendera nyekundu, ya Mwingereza pembeni, na ngao upande wa pili. Ontario waliichukua mwaka 1965, na inapepea mpaka leo. Ni dada wa ile yenye twiga, kitambaa ni kilekile na mchoro ni uleule. Sisi tuliachana nayo mwaka 1961.

Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, bendera ya Tanganyika ilipanda. Ni ile ya kwanza ukutani, kushoto: kijani juu, kijani chini, weusi katikati, na mistari miwili myembamba ya manjano. TANU walikuwa na yao ya kijani, nyeusi na kijani tangu kabla ya Uhuru. Nchi ikaongeza manjano. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda aliisimika juu ya Kilimanjaro pamoja na Mwenge, na kilele kile kilichokuwa na jina la mfalme wa Ujerumani kikaitwa Uhuru. Kwa hiyo wanaosema 9 Desemba ina bendera yake wana hoja. Ni kweli ina bendera yake. Hatuoni sababu ya kuificha watoto wetu kana kwamba ni jambo la aibu.

Sasa tuvuke bahari. Zanzibar ilipata uhuru wake 10 Desemba 1963, na bendera ya siku ile ilikuwa nyekundu yenye duara la kijani na karafuu ndani yake. Iliishi mwezi mmoja. Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, na kabla Januari haijaisha bendera ilikuwa imebadilishwa mara mbili. Iliyobaki ilikuwa ya buluu, nyeusi na kijani, rangi za Afro-Shirazi, na utepe mweupe kando ya mlingoti. Nayo haikumaliza miezi mitatu, maana 26 Aprili ukaja Muungano. Hebu fikirini mtoto wa shule Mjini Unguja ambaye kati ya Desemba na Aprili alifundishwa kuheshimu bendera moja baada ya nyingine. Mama mmoja wa huko aliwahi kutuambia kwamba kwao bendera si jambo la kuulizia mezani, kwa sababu kila mmoja mezani alilia siku tofauti. Ukijua hilo, unaelewa kwa nini ndugu yetu hunyamaza na pilau yake.

Bendera tuliyo nayo leo, ya pili ukutani, ilianza 30 Juni 1964. Angalieni tarehe. Jina la Tanzania lilikuja Oktoba mwaka ule, kwa hiyo bendera ilipepea miezi kadhaa kabla nchi haijapata jina lake. Walichokifanya ni kazi ya fundi cherehani. Walichukua kijani, nyeusi na manjano ya Tanganyika, wakaondoa kijani kimoja, wakaweka buluu ya Zanzibar mahali pake. Shuleni tulikaririshwa: kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni watu, manjano ni madini, buluu ni bahari, maziwa na mito. Sawa. Lakini ambalo hatukufundishwa ni kwa nini mistari imelala mshazari. Bendera zile mbili za zamani zilikuwa na mistari iliyolala, na mistari ikilala lazima mmoja awe juu na mwingine chini. Ukiuweka weusi mshazari, kutoka chini kwenye mlingoti kupanda juu upande wa pili, kijani na buluu vinabaki pembetatu mbili zilizo sawa. Hivyo ndivyo sisi tunavyousoma ule mshazari, na kadiri tulivyoushona ndivyo tulivyozidi kuuamini.

Maana tumeishona wenyewe. Ile kubwa mnayoiona haikununuliwa. Tulinunua vitambaa, tukapima upana mbili na urefu tatu kama inavyotakiwa, tukakata. Atakayekwambia ni kazi rahisi hajawahi kushika mkasi. Kitambaa kikikatwa sambamba na uzi hutulia, kikikatwa mshazari huvutika. Utepe wa kwanza wa manjano ulitoka umejikunja kama jani la mgomba juani. Tukafumua. Wa pili tukaushikiza kwa pini kila baada ya inchi mbili, tukaushona polepole, mmoja akizungusha cherehani na wawili wamebeba uzito wa kitambaa kisiuvute mshono. Pale pembetatu ya kijani na ya buluu zinapokutana na weusi ndipo penye kazi, na ndipo itakapochanika ikichanika. Na tafadhali, tunarudia kila mwaka: kijani juu, kwenye mlingoti. Buluu ikiwa juu mmeigeuza.

Hapo ndipo tukaanza kuuliza habari za washonaji wengine. Wamarekani wana hadithi ya Betsy Ross, kwamba ndiye aliyeshona bendera yao ya kwanza. Hadithi hiyo ilitangazwa na mjukuu wake mwaka 1870, karibu miaka mia baadaye, na wanahistoria hawajaiona katika hati yoyote ya wakati ule. Lakini iko bendera nyingine ambayo mshonaji wake anajulikana, ile iliyowapa Wamarekani wimbo wao wa taifa, iliyopepea kwenye ngome ya Baltimore mwaka 1814 na sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Ilishonwa na Mary Pickersgill pamoja na binti yake na jamaa zake, na ndani ya nyumba ile alikuwamo msichana Mweusi, Grace Wisher, aliyefungwa kwa mkataba wa kazi. Jina lake lilichelewa sana kutajwa. Mwaka 1990 msanii David Hammons aliishona upya bendera ya Marekani kwa nyekundu, nyeusi na kijani, rangi walizozitangaza wafuasi wa Marcus Garvey huko New York mwaka 1920. Nyota zikabaki, mistari ikabaki, rangi tu ndizo zilizobadilika, na kila aliyeitazama alielewa nani alikuwa ameachwa nje. Ndugu zetu Wakenya, ambao siku yao i karibu, rangi hizo mnazijua.

Na hii ya nne, yenye jani la mmepo? Watoto hudhani ni ya kale, wakaona ya kwetu ndiyo changa. Ni kinyume. Bendera ya Kanada ilipanda kwa mara ya kwanza 15 Februari 1965, pale Ottawa. Ya Tanzania inaizidi kwa miezi saba na nusu, na ya Tanganyika inaizidi kwa zaidi ya miaka mitatu. Nayo ilizaliwa kwa ugomvi mkubwa kuliko wetu. Waziri Mkuu Lester Pearson alipowaambia askari wastaafu mjini Winnipeg, Mei 1964, kwamba anataka bendera mpya, walimzomea. Wananchi walituma michoro kwa maelfu. Mmoja wa waliotuma ni mchoraji A. Y. Jackson, rafiki na mwenzake J. E. H. MacDonald, yule aliyekuwa akiishi hapahapa Thornhill na kuchora bustani yake. Mchoro wa Jackson haukuchaguliwa. Kamati ya wabunge 15 ilikaa wiki nyingi, na bunge likapiga kura saa nane za usiku, 15 Desemba 1964: 163 wakakubali, 78 wakakataa. Na mwezi mmoja kabla ya kura hiyo, Pearson alipotaka kuona michoro ikipepea, alitafutwa msichana wa miaka 20, Joan O'Malley, akashona usiku kucha kwa cherehani ya nyumbani. Tuliposoma habari hizo tulicheka, maana ile cherehani ya nyumbani tunaijua.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Wengi wetu humu tumekula kiapo cha uraia wa Kanada. Sheria ya uraia ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, kwa hiyo siku tuliyoinua mkono wa kulia hapa, kule tulifutwa. Tulifanya hivyo kwa sababu za kazi, za watoto, za mama mgonjwa wa kuletewa dawa. Hatuombi radhi. Lakini mnakumbuka mwenzetu tuliyemzika miaka michache iliyopita. Familia iliomba bendera. Mmoja wetu akasema marehemu hakuwa tena Mtanzania, mwingine akasema jeneza lenye bendera ni la viongozi na askari. Wakati watu wakibishana, bendera ilibaki kwenye mfuko wa nailoni ndani ya buti la gari, na ibada ikaisha. Sisi wauguzi tunajua mjane aliuliza swali gani usiku ule. Aliuliza kama mume wake alikuwa mgeni kila mahali.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo, nanyi mtayapigia kura. Kila 9 Desemba tupandishe bendera ya Tanzania mlingotini, kwa sababu ndiyo pekee yenye nafasi ya yule ndugu wa Pemba. Ya Tanganyika itundikwe ukutani, na kando yake ya Zanzibar, hii ya tatu, ambayo Zanzibar inaitumia tangu Januari 2005 na ambayo imebeba ndogo ya Muungano kwenye kona yake. Anayetaka kubishana juu yake abishane akiwa ameiona. Ya Kanada ikae upande wa pili, kimo kilekile. Hapa tulipo, Yonge Street inaigawa Thornhill, magharibi iko Vaughan, mashariki Markham, na hatujawahi kumsikia mtu akiambiwa achague upande ndipo aitwe mwenyeji.

Kuhusu misiba: bendera yetu ya kushona isifunike jeneza, ili tusigombane na taratibu za serikali. Ikunjwe vizuri, iwekwe mezani kando ya picha ya marehemu, kwa kila mwanachama ambaye familia yake itaiomba, bila kuulizwa pasipoti yake. Familia ikitaka na ya Kanada, ziwekwe mbili. Ufunguo wa kabati watakuwa nao watu watatu, na mmoja wao lazima awe mtu wa zamu za usiku, kwa sababu simu za misiba huja usiku.

Karatasi za kura ziko meza ya nyuma, karibu na chai. Tutahesabu baada ya chakula. Bendera itateremshwa saa nne kamili na vijana wawili, mmoja babu yake yuko Moshi, mwingine bibi yake yuko Chake Chake. Wamefanya mazoezi mara tatu na wanajua kijani kinakaa wapi. Tafadhali msiwapigie kelele za kuwaelekeza.