TULIPE MADENI, TUCHIMBE MTARO
(Hotuba ya Katibu kwa wanaushirika na wananchi wote, imeandikwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakufika mkutanoni)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanaushirika, wazee wetu, akina mama na vijana,

Tumesimama mbele yenu kuzungumza mambo mawili tu. Jambo la kwanza ni biashara ndogo ndogo za hapa kijijini kwetu. Jambo la pili ni ule mtaro wa njia ya gulioni. Mtasema, jamani, biashara na mtaro vinahusiana nini? Tulieni, mtaona wenyewe kwamba vinahusiana sana.

Tuanze na fundi wetu wa kushona. Kila mtu anamjua. Alikuwa na cherehani mbili pale barazani. Mwezi wa kwanza shule zilipofunguliwa, watoto wa kijiji hiki walivaa sare alizozishona yeye. Tulimwambia, "Fundi, shona tu, tutakulipa tukiuza alizeti." Akashona. Alizeti tukauza. Je, tulimlipa? Wachache walilipa. Wengi tulianza kupita njia ya nyuma ili tusikutane naye. Uzi ukamwishia, kitambaa kikamwishia, na juma lililopita ameuza cherehani moja.

Ndugu zangu, katika hao waliopita njia ya nyuma na sisi tunaosoma hotuba hii tulikuwamo. Tulikuwa na deni la sare za watoto watatu. Tumelilipa leo asubuhi kabla ya mkutano huu, maana haifai kuwahubiria watu wakati mfukoni mwetu kuna pesa za mwenzetu. Fundi alizipokea, akahesabu, akasema, "Asante Katibu, lakini cherehani imeshakwenda." Maneno hayo yametuuma. Tukaona tuyalete hapa mbele ya watu wote.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kama tunavyofanya darasani kwetu kwenye kisomo. Chukueni mfano wa mama anayepika maandazi. Unga, mafuta, sukari na kuni vinamgharimu shilingi 24,000. Anapata maandazi 160. Akiuza kila andazi shilingi 200 anapata shilingi 32,000. Faida yake ni shilingi 8,000. Vizuri. Lakini wateja wamechukua maandazi 50 kwa maneno ya "andika, nitaleta kesho." Hizo ni shilingi 10,000 zimebaki kwenye daftari. Mkononi ana shilingi 22,000. Mtaji wake ulikuwa ngapi? 24,000! Kwa hiyo kesho hawezi hata kununua vifaa kama vya jana. Hakuibiwa wala hakulala. Amefanya kazi tangu alfajiri, na jioni amepungukiwa shilingi 2,000. Siku ya tatu anaacha kupika, na sisi tunasema, "Ah, huyu mama hajui biashara." Kumbe tumemla mtaji wake na chai!

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hatusemi mtu asikope kabisa. Mkulima anapata pesa kwa msimu, na ugonjwa haungoji msimu. Tunachosema ni kwamba deni liwe na kiasi, liwe na siku yake, na siku ikifika mwenye deni asijifiche. Kama hana, aje aseme sina, wapange upya. Anayekuja kusema ni mwungwana.

Jambo hili halikuanza kwetu. Wenzetu wa mji wa Rochdale kule Uingereza walikuwa watu wa hali ya chini, baadhi yao wafumaji wa nguo. Walikuwa watu 28. Walichanga pesa kidogo kidogo, na tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua duka lao dogo la unga, siagi na sukari. Waliweka sharti kwamba duka linauza kwa pesa taslimu tu. Kwa nini? Kwa sababu katika mji huo huo lilikuwako duka la ushirika kabla yao, likafa kwa kukopesha. Wao walishika sharti lao, na faida wakagawana kufuatana na mtu alivyonunua. Kutokana na duka lile ushirika wa maduka umeenea duniani.

Na sisi Tanzania tuna mafunzo yetu wenyewe. Wazee mnakumbuka mwaka 1976, Operesheni Maduka. Nia ilikuwa kwamba maduka ya ushirika yachukue nafasi ya maduka ya watu binafsi. Lakini maduka mengi ya watu yalifungwa kabla ya yale ya ushirika kuwa tayari. Duka lilikuwapo, rafu zilikuwa tupu. Ikaja miaka ya mwanzo ya themanini, sisi tukiwa watoto, tukitumwa sabuni tunapanga foleni na kurudi mikono mitupu. Tunalisema hili ili tujue kwamba duka dogo likifa, wanaopata taabu ni wanakijiji wenyewe. Ushirika wetu usimwone mwenye kibanda kuwa ni adui. Ushirika una ghala na mizani. Mwenye kibanda ana chumvi saa mbili usiku mtoto anapolilia uji. Wote wawili tunawahitaji.

Fundi akiacha kazi, tutashonesha wapi? Mjini. Nauli ya bodaboda kwenda, nauli kurudi, na pesa ya kushona tumeiacha huko huko. Lakini pesa tunayomlipa fundi wa hapa inazunguka. Yeye ananunua maandazi, mwenye maandazi anasaga mahindi kwenye mashine ya ushirika, mwenye mashine anatengeneza baiskeli kwa kijana wetu pale chini ya mwembe. Shilingi moja inaamkia nyumba nyingi kabla ya kuondoka kijijini. Ikienda mjini siku ya kwanza, haijaamkia mtu.

Haya, sasa tuje kwenye mtaro. Mmeuona mvua zikinyesha. Maji yanasimama mbele ya vibanda kuanzia kwa kinyozi mpaka kwa mama lishe. Matope yanafika kwenye vifundo vya miguu. Mbu wanazaliana pale. Mteja anafika, anatazama matope, anageuka. Mama lishe anaweka mawe watu wakanyage, mvua inayofuata mawe yanazama. Mwaka huu tumesema halmashauri italeta gari la kifusi, mwaka jana tulisema hivyo hivyo. Gari likija tutalishukuru. Lakini mtaro ule hauhitaji gari. Uliziba kwa sababu ya mifuko, maganda na mchanga ambao sisi wenyewe tumeutupa, na unahitaji majembe, sepetu na mikono.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Ilikuwa ni elimu ya watu wazima, na ilifanya kazi kwa sababu baada ya kusikiliza watu walishika jembe. Na sisi leo tukisikiliza tu halafu tukaenda nyumbani, tutakuwa tumepoteza jioni yetu.

Kwa hiyo Kamati imekubaliana mambo haya, na tunawaomba myapokee:

1. Kila kiongozi wa Kamati mwenye deni kwa mfanyabiashara wa hapa kijijini atalilipa kabla ya mwisho wa mwezi. Majina ya viongozi wenye madeni yatabandikwa kwenye ubao huu mpaka yaishe. Wengine walitaka tubandike majina ya wadeni wote. Tulibishana sana juu ya hilo. Tumekataa, kwa sababu wengine wanadaiwa kwa ajili ya matibabu, na hatutaki kumwaibisha mgonjwa. Lakini kiongozi hana kisingizio.

2. Ushirika ukiagiza kazi hapa kijijini, iwe kushona magunia, kutengeneza mlango wa ghala au kupika chakula cha mkutano, utatoa nusu ya malipo kabla ya kazi na nusu siku ya kupokea. Fundi wetu wa cherehani ndiye wa kwanza kupewa kazi ya magunia. Cherehani moja imebaki kwake, tuanze na hiyo.

3. Jumamosi hii saa moja asubuhi tutachimba mtaro. Kila balozi atapimiwa hatua zake na atasimama na watu wake. Mwenye jembe aje na jembe, mwenye sepetu aje na sepetu, mwenye karai aje na karai. Wazee waje na maneno ya kututia moyo. Wenye vibanda watatunza sehemu iliyo mbele ya kibanda chao, na takataka zitatupwa kwenye shimo litakalochimbwa nyuma ya gulio, siyo mtaroni.

4. Darasa la daftari litakuwa Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni. Tutajifunza kuandika kilichoingia, kilichotoka na kilichokopwa. Sisi wengine tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima, tena tulianza kwa kuona haya. Tuliposhika kalamu tuligundua kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tukihesabu mtaji kuwa ni faida. Mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyejua kuandika asiogope, aje hivyo hivyo.

5. Akina mama, vijana na ndugu zetu wenye ulemavu wajiunge katika vikundi. Sheria imeitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi kisichosajiliwa hakipati. Kikundi kisicho na daftari hata kikipata, kitapotea. Afisa Maendeleo ya Jamii ataalikwa atueleze.

Ndugu wananchi, hatukuja hapa kumlaumu mtu. Tumekuja kwa sababu cherehani moja imeondoka kijijini kwetu, na aliyeiondoa si mwizi. Tuliiondoa sisi, kila mtu kwa deni lake dogo. Elfu tano hapa, elfu nane pale, kila mmoja akisema langu ni dogo. Basi na tuirudishe kwa namna hiyo hiyo, kidogo kidogo. Tumeuliza fundi kama atanunua nyingine akilipwa yote anayodai. Amesema, "Nileteeni kwanza, ndipo mniulize."

Amesema kweli. Tumletee kwanza.

Tukutane Jumamosi mtaroni, saa moja kamili.

Katibu