Mchanga wa Paka Usilale Ndani

Msikilizaji, katika nyumba za Lamu paka huingia na kutoka wapendavyo, na kuwafuga ni jambo la heri. Lakini sanduku lao la mchanga lisafishwe kila siku. Kinyesi cha paka chaweza kubeba vijidudu vya toksoplasma, ambavyo huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Anayezoa kila siku huwa amevitangulia. Mjamzito asiishike kazi hiyo kabisa. Aifanye mumewe, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Mkojo kwenye zulia? Ukaushe kwa kitambaa, halafu pitisha siki na maji. Klorini usiimimine hapo, tafadhali: ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa ya sumu, na vyumba vyetu vingi vina dirisha moja tu.