Ajira Katika Baraza la Watumiaji Hainunuliwi
(Hotuba kwa wananchi wa Holili)



Nimealikwa kuzungumzia bili za maji na umeme. Niruhusuni nianze na watu. EWURA inapoitisha taftishi ya bei, kuna chombo kinachosimama upande wenu, nacho ni Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC. Ni haki yenu kujua waliomo humo waliingiaje.

Baraza hili limeundwa kwa Sheria ya EWURA ya mwaka 2001. Wajumbe huteuliwa na Waziri kutoka katika orodha ya majina yanayopendekezwa na asasi za sekta binafsi zinazotambuliwa kisheria. Basi vyama vyenu visikae kimya majina yanapotafutwa, kisha vilalamike kwamba mjumbe hajui namna ndoo ya maji inavyotafutwa huku tambarare wakati wa kiangazi.

Watumishi ni habari nyingine. Hao huajiriwa kwa ushindani. Nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na mwombaji hujaza maombi yake katika mfumo wa Ajira Portal bila malipo. Anayekidhi vigezo huitwa kwenye usaili wa kuandika, na akifaulu huitwa kwenye usaili wa mahojiano. Katika njia yote hiyo hakuna mahali pa kulipia fomu.

Mpwa wangu hakulijua hilo. Alipigiwa simu na mtu aliyejiita ofisa wa ajira, akatakiwa atume shilingi 200,000 za "fomu na vipimo vya afya". Dada yangu akauza mbuzi wawili. Siku ileile simu ya ofisa huyo ikazimwa. Barua ya ajira niliiona: ina nembo, ina mhuri, na imepangwa vizuri kuliko barua nyingi ninazoandika mimi ofisini.

Mkiombwa fedha, msitume. Kama mmekwisha kutuma, msione haya: hifadhini namba, jumbe na kumbukumbu ya muamala, kisha nendeni polisi au pigeni simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Dada yangu alifuta kila kitu kwa aibu, na ushahidi ukaondoka pamoja na mbuzi.

Sasa tuje kwenye bili. Mzee uliyenyoosha mkono pale nyuma, karibu.