Mafuta ya Injini ya Pikipiki ya Zamani



Nimeombwa niseme habari ya mafuta ya injini, kwa sababu wengi wenu mnaijua pikipiki yangu ya BSA, na wengine mmepata kunisaidia kuisukuma. Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni tu, na mengine nimejifunza kwa mikono katika kazi ya reli. Basi nitasema yale niliyoyaona.

Mkienda katika Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, mtaona garimoshi la aina ya Garratt, namba 5918, liitwalo Mount Gelai. Uzito wake ni kama tani 252. Wazee walioendesha magari yale walizunguka na kopo la mafuta kabla ya safari, wakitia katika kila kiungo. Mafuta yale yalifanya kazi yake kisha yakadondoka njiani, na uchafu pamoja nayo. Pikipiki yangu siyo hivyo. Mafuta hutoka katika tangi, pampu huyapeleka kwenye krenki, kisha huyarudisha tena katika tangi. Ni mafuta yale yale, yanazunguka siku zote. Na uchafu ukiwamo, unazunguka nayo.

Pikipiki hii ni BSA A10, silinda mbili, cc 650, iliyoundwa Birmingham, Uingereza, katika miaka ya 1950. Machujio yake ni ya waya tu: moja katika tangi, jingine chini ya injini. Waya huo huzuia kipande cha chuma, lakini masizi na vumbi laini hupita. Walioiunda walijua jambo hilo, kwa hiyo ndani ya krenki wakaweka mfereji wa kunasa tope. Krenki ikizunguka kwa kasi, uchafu mzito hutupwa pembeni ukakwama humo, na mafuta huendelea mpaka kwenye beringi za konrodi.

Sasa sikilizeni kosa langu. Nilipoinunua kwa mzee mmoja aliyestaafu, nilitaka kuitendea wema. Nikamwaga mafuta ya zamani, nikatia mafuta mapya ya siku hizi, ya bei kubwa, yenye dawa ya kuosha injini. Sikujua kwamba krenki ilikuwa na tope la miaka mingi, limekauka kama ugali uliolala. Dawa ile ikalilegeza. Wiki chache baadaye, nikienda zamu ya usiku, injini ikagonga mara tatu ikakwama katika Jogoo Road. Tulipoifungua tukakuta tope limeziba tundu la mafuta, na beringi imeungua. Nilikosa zamu ile, na kuchonga krenki na kununua beringi kulimeza mshahara wangu wa miezi miwili. Watoto nyumbani waliuona mwezi ule kuwa mrefu.

Ndiyo sababu nawaambia haya:

Kwanza, ukinunua pikipiki ya namna hii na hujui habari zake, usibadili aina ya mafuta kwa haraka. Fundi afungue krenki kwanza, asafishe mfereji ule. Baada ya hapo mafuta yenye dawa ni mazuri, kwa sababu huubeba uchafu usigande.

Pili, uchafu unaobebwa lazima utolewe. Mimi hubadili mafuta kila kilomita 1,500, kwa vumbi la mitaa yetu. Mwaga injini ikiwa moto, ndipo uchafu hutoka nayo. Osha machujio ya waya kwa parafini, mbali na moto, wala usiyafute kwa kitambaa chenye nyuzi.

Tatu, ukitaka kuongeza chujio la karatasi, lifunge katika bomba linalorudisha mafuta kwenye tangi. Usilifunge katika bomba linalotoka tangini kwenda pampu. Likiziba huko, pampu itavuta bure na injini itakauka.

Nne, pikipiki ikikaa siku nyingi, mafuta huteremka polepole kutoka tangini mpaka chini ya injini. Ukiona tangi limepungua usikimbilie kuongeza. Fungua chini, mwaga yaliyoteremka, ndipo ujaze tangi kwa kipimo. Kila asubuhi washa, fungua kifuniko, utazame kama mafuta yanarudi. Yasiporudi, zima mara moja.

Tano, mafuta machafu usiyamwage mtaroni. Mitaro yetu hushuka mpaka Mto Nairobi, na huko chini wako watu wanaonywesha mboga zao maji yale. Yaweke katika debe, uyapeleke kwa wanaoyakusanya.

Ndugu zangu, sisi wa misheni tulifundishwa habari ya wanawali kumi. Watano walikosa mafuta, mlango ukafungwa. Mimi mafuta nilikuwa nayo, tena ya bei kubwa, na bado nilifungiwa mlango, kwa kuwa sikutazama ndani. Chombo cha mfanyakazi ni mkate wake. Tusione haya kumwuliza anayejua kabla hatujafungua mfuko.

 Mwenye swali na aulize.